Mbwa Alaye Sana na Bado Akakonda

Katika mashamba yetu ya skimu karibu kila boma lina mbwa, na mbwa huyo ana kazi yake. Usiku hulinda ng'ombe wa maziwa, na mchana huwafukuza tumbili katika mahindi. Kwa kazi hiyo hupewa makombo ya ugali, maziwa kidogo, na mfupa siku ya sikukuu. Mbwa wengi huishi hivyo miaka mingi bila taabu. Lakini yuko mbwa mmoja mmoja alaye chakula cha mbwa watatu na bado mbavu zake zahesabika. Leo nataka tuzungumze juu ya mbwa huyo, kwa sababu mara nyingi huuawa bila kosa.

Kwanza niseme wazi kwamba mimi si daktari wa mifugo. Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, na kabla ya hapo nilisomea ualimu, ndiyo maana wazee wa hapa bado huniita Mwalimu. Haya nitakayoyaeleza nilifundishwa na daktari wetu, na nilifundishwa baada ya kukosea.

Mzee mmoja wa skimu yetu alifika ofisini asubuhi akimvuta mbwa wake kwa kamba. Mbwa mwenyewe aliitwa Simba, umri wake kama miaka miwili, mweusi mwenye miguu ya rangi ya udongo, wa damu ya wale mbwa wakubwa wa Kijerumani ambao polisi huwatumia. Alikuwa mifupa na ngozi. "Mwalimu," mzee akaniambia, "mbwa huyu ananitia aibu. Majirani wanasema namnyima chakula, na mama watoto anampikia sufuria nzima kila jioni." Tena Simba alikuwa mwizi. Alikula mayai ya jirani, akala makapi ya viazi, akala hata kinyesi chake mwenyewe, jambo lililowafanya watoto wamwogope. Jirani alikuwa amekwisha sema kwamba akimwona tena penye kuku wake atamtegea sumu. Mzee alitaka kujua kama ofisi ina dawa, au kama amtangulie jirani na kummaliza mbwa yeye mwenyewe.

Nilimwambia ampe dawa ya minyoo, na hapo sikukosea. Kisha nikaongeza neno la kwangu, kwamba amtilie mafuta ya ng'ombe katika ugali ili anenepe. Baada ya wiki mbili mzee alirudi. Minyoo hakuna, lakini Simba sasa alikuwa akiharisha mara sita au saba kwa siku, kinyesi kingi, laini, cha rangi ya majivu ya manjano, kinachong'aa mafuta juu. Mafuta yale niliyomshauri yalikuwa yakipita ndani ya mbwa na kutoka kama yalivyoingia. Ndipo nikamwita daktari, kama ilivyonipasa kufanya siku ya kwanza.

Sasa tuangalie ndani ya tumbo. Mkulima aliyewahi kuchinja ng'ombe au mbuzi ameiona kongosho, hata kama hakujua jina lake. Ni nyama laini, ya rangi kati ya waridi na manjano, yenye vinundu vinundu, iliyolala kando ya utumbo pale unapotoka katika tumbo, karibu na ini. Usiichanganye na bandama. Bandama ni nyeusi nyeusi, nyororo, kama ulimi mrefu. Kongosho ni ndogo kwa kulinganisha na mnyama, lakini ina kazi mbili kubwa.

Kazi ya kwanza ni kutoa maji maji yenye vimeng'enya na kuyamwaga katika utumbo. Vimeng'enya ni vitu vinavyokikata chakula vipande vidogo mno, hata kiweze kupenya katika ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Fikiri juu ya kinu cha posho. Ukimimina gunia la mahindi katika kinu ambacho mawe yake yamechakaa, mahindi yatatokea upande wa pili yakiwa mahindi vile vile. Hutapata unga, hata ukimimina magunia kumi. Ndivyo alivyokuwa Simba. Sufuria ya mama watoto iliingia, nayo sufuria ikatoka. Mbwa alikuwa akifa njaa na tumbo lake limejaa. Kwa hiyo kuiba kwake mayai hakukuwa tabia mbaya, na kula kinyesi chake hakukuwa wazimu wala uchawi, maana katika kinyesi kile chakula bado kilikuwamo.

Kazi ya pili ya kongosho ni kutengeneza insulini na kuiingiza katika damu. Insulini ndiyo inayoufungulia sukari mlango ili itoke katika damu na kuingia katika nyama ya mwili kufanya kazi. Insulini ikikosekana, sukari hujaa katika damu na kumwagika katika mkojo, na huo ndio ugonjwa wa kisukari. Mbwa huupata kama mtu. Kwa hakika ni kwa mbwa ulimwengu ulipojifunza jambo hili. Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, na mbwa yule akaanza kukojoa mkojo wenye sukari. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, katika mji wa Toronto nchini Kanada, walitengeneza maji kutokana na kongosho za mbwa na kuwadunga mbwa wengine waliokuwa na kisukari, na sukari ikashuka. Mwezi wa Januari 1922 mtu wa kwanza alidungwa dawa hiyo. Ukimwona jamaa yako mwenye kisukari akiishi vizuri kwa sindano zake, basi ujue mbwa wana sehemu yao katika jambo hilo.

Tumrudie Simba. Ugonjwa wake ulikuwa katika kazi ya kwanza. Daktari alitueleza kwamba dalili hazionekani mpaka karibu sehemu tisa katika kumi za nguvu ya kongosho ziwe zimekwisha, kwa hiyo mbwa huonekana mzima halafu hukonda upesi. Mbwa wa damu ya Kijerumani hupatwa kuliko wengine, hasa wakiwa bado vijana. Lakini si kila mbwa aliyekonda ana ugonjwa huu. Mbwa wengi wanaokonda wana minyoo tu, na wengine kweli hawalishwi. Anza na dawa ya minyoo. Ukifanya hivyo na kumpa chakula cha kutosha na bado anakonda, huku kinyesi ni kingi kuliko ilivyo kawaida na chenye mafuta, mwite daktari. Kiko kipimo cha damu kinachoonyesha wazi kama kongosho inafanya kazi. Si kila maabara inacho, basi muulize daktari damu itapelekwa wapi. Mbwa hutolewa damu akiwa amekaa usiku kucha bila kula, kwa hiyo usimlishe asubuhi hiyo ukampeleka ameshiba.

Dawa ya ugonjwa huu ni kumpa mbwa vimeng'enya alivyovikosa. Huuzwa katika maduka ya dawa za mifugo kama unga au vidonge, na bei yake yaweza kumshinda mkulima, maana dawa ni ya kila mlo na ya maisha yote. Lakini iko njia ya zamani ambayo madaktari bado huikubali, nayo ni kumpa mbwa kongosho ya ng'ombe, mbichi. Ile ile nyama ambayo katika bucha nyingi hutupwa au huchanganywa na matumbo.

Kipimo cha kuanzia ni kati ya gramu 30 na 90 kwa kila mlo kwa mbwa wa kilo 20, na daktari ndiye atakayekuambia wapi pa kuanzia. Kongosho hukatwa katwa vidogo kabisa, kama nyama ya sambusa, kisha huchanganywa vizuri na chakula kilichokwisha poa. Hapa wengi hukosea. Usiipike. Moto huua vimeng'enya, na kongosho iliyochemshwa ni kipande cha nyama tu. Vile vile usiichanganye na ugali unaotoa moshi. Chakula kiwe vuguvugu, kidole chako kikae ndani bila kuungua.

Mzee wetu alipewa kipimo cha gramu 90 mara mbili kwa siku. Kongosho moja ya ng'ombe haifiki kilo, basi ilimlazimu kupata tatu au nne kwa wiki. Alipatana na mwenye bucha ya kituoni, ambaye pia ana friza. Kongosho ikikatwa, ikapimwa na kufungwa katika vifuko vya mlo mmoja mmoja, hukaa katika friza miezi mitatu bila kupoteza nguvu. Mzee huchukua vifuko vya siku mbili. Mwenye bucha mwanzoni alimpa bure, akicheka kwamba mbwa amekuwa na daktari wake mwenyewe. Alipoona mzee anarudi kila wiki, akaanza kutoza. Biashara ni biashara.

Katika wiki ya kwanza kinyesi cha Simba kilianza kushikamana. Mwezi ulipokwisha, mbavu zilikuwa zimeanza kujificha, na ile tabia ya kula uchafu ikaisha yenyewe bila fimbo. Baada ya hapo daktari alipunguza kipimo kidogo kidogo mpaka kufika kile kidogo kabisa kinachotosha kuweka kinyesi kigumu. Alimdunga pia vitamini B12 mara moja kwa wiki kwa wiki sita, kwa sababu mbwa wa ugonjwa huu huikosa mara nyingi, na akiikosa hanenepi hata akipewa kongosho nzuri.

Chakula chenyewe kiwe chepesi kwa tumbo. Wali, viazi vilivyomenywa na kupondwa, au ugali wa unga mweupe uliopikwa ukaiva sana. Mayai ya kuchemsha. Nyama isiyo na mafuta mengi. Sisi wa Nyandarua viazi havitushindi. Usimpe pumba, kabichi, wala maharagwe mengi, kwa sababu makapi yake huvizuia vimeng'enya visifanye kazi. Mgawie chakula cha siku katika milo miwili au mitatu. Mafuta si sumu kwake akiwa anapata kongosho, lakini yasizidi. Kosa langu lilikuwa kumpa mafuta mbwa asiye na kitu cha kuyakata.

Na sasa jambo gumu kuliko yote. Katika boma mbwa halishwi na mtu mmoja. Mtoto anayetoka shule humtupia kipande cha mkate, mgeni humtupia mfupa, kijana wa ng'ombe humwachia makombo. Kila tonge bila kongosho ni mahindi katika kinu kisicho na mawe. Mzee alipata taabu na jambo hili kuliko na bei ya bucha. Wakati wa Krismasi wageni walimshangilia Simba kwa vile alivyonenepa, wakamtupia mifupa na mafuta ya mbuzi, na kwa siku tatu mbwa akaharisha. Basi mbwa kama huyu alishwe na mtu mmoja, na awe kibandani au katika mnyororo mrefu wakati watu wanapokula. Waambie watoto sababu. Mtoto akielewa hushika neno kuliko mgeni.

Hapa sharti nisimame kidogo na kutoa onyo, kwa sababu nimesema mbwa apewe nyama mbichi ya ndani, na najua mtu mwingine atasoma hayo tu na kuacha mengine. Ruhusa hii ni ya kongosho peke yake, tena iliyotoka katika ng'ombe aliyekaguliwa na mkaguzi wa nyama. Usimpe mbwa mapafu wala ini bichi. Kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia huwa na malengelenge yaliyojaa maji, hasa katika ini na mapafu. Ndani yake mna vijidudu ambavyo, mbwa akivila, hugeuka katika utumbo wake na kuwa tegu wadogo sana. Mbwa haonyeshi ugonjwa wowote. Lakini mayai ya tegu hao hutoka na kinyesi, hushika katika manyoya yake, na mtoto anayemkumbatia mbwa kisha akala bila kunawa huyameza. Lengelenge huota katika ini au pafu la mtoto, polepole, kwa miaka, mpaka libidi kutolewa kwa kupasuliwa. Katika Turkana ugonjwa huu uliwahi kuwa mwingi kuliko karibu mahali pote ulimwenguni. Ukichinja nyumbani na kuona malengelenge, choma sehemu ile au uifukie shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Mpe mbwa dawa ya minyoo ambayo kweli huua tegu, kwa maana si kila dawa ya minyoo huwaua. Yenye prazikwanteli ndiyo ya kuulizia. Kongosho yenyewe, ukiikata, nawa mikono kwa sabuni, osha ubao, na kisu kile kisikate nyanya.

Kuna mbwa wa namna nyingine ambaye pia ugonjwa wake ni kongosho, lakini hali yake ni tofauti. Huyu hutapika. Leo mzima, kesho amekula mafuta ya kuchinja au ngozi ya kuku, na usiku anatapika, anakataa chakula, anapinda mgongo, au anainamisha kifua chini huku ameinua matako kama anayesujudu. Ni maumivu. Kongosho yake imevimba, maana vimeng'enya vimeanza kuikata yenyewe. Hupona, halafu hurudiwa, na kila mara sehemu ya kongosho hufa. Akitapika sana mwite daktari siku hiyo hiyo, asingoje siku ya soko, kwa sababu wengine hufa kwa kukauka maji. Kutapika kukipungua, zamani tuliambiwa mbwa afungiwe siku kadhaa bila kula. Siku hizi madaktari hupenda aanze mapema, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

Kwa mbwa wa namna hii mafuta ndiyo adui. Chemsha nyama, iache ipoe usiku, asubuhi toa ule utando mweupe ulioganda juu, ndipo utumie nyama na mchuzi. Kuku atolewe ngozi. Maziwa, kama ana mazoea nayo, yawe yaliyoenguliwa. Mifupa yenye uboho, maini ya kukaanga, mafuta yaliyobaki katika kikaango, parachichi lililoanguka chini ya mti, vyote hivyo vimpite mbali. Najua parachichi ni gumu kulizuia siku hizi ambapo kila shamba limepandwa.

Basi twende katika kazi ya pili ya kongosho. Mbwa mwenye kisukari pia hula na kukonda, lakini dalili yake kubwa ni maji. Hunywa mpaka karai likauke, naye hukojoa kila mahali, hata mbwa aliyekuwa na adabu. Kinyesi chake huenda kikawa cha kawaida. Macho yake yaweza kugeuka meupe na kupofuka katika muda wa miezi michache. Zaidi huwapata mbwa wa makamo na wazee, na majike ambao hawajafungwa kizazi kuliko madume. Jike mwenye kisukari yafaa afungwe kizazi, kwa sababu baada ya kila joto insulini hushindwa kufanya kazi ndani yake.

Huyu haponi kwa chakula peke yake. Ni lazima adungwe insulini, kwa kawaida mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili kati ya sindano na sindano. Lakini chakula ndicho kinachoifanya sindano iwe dawa au hatari. Alishwe kwa saa: mathalani saa moja asubuhi na saa moja jioni, chakula kile kile, kipimo kile kile, kila siku. Tumia kopo moja la kupimia na usilibadilishe. Sukari, uji mtamu, miwa, molasi ya ng'ombe na ndizi mbivu asipewe kabisa. Makapi ambayo yule mbwa wa kwanza hukatazwa, huyu humfaa, kwa kuwa hupunguza mwendo wa sukari kuingia katika damu. Waona, basi, kwa nini haifai kumwuliza jirani alimlisha mbwa wake nini na kufanya vivyo hivyo. Mbwa wawili waliokonda, na chakula cha mmoja ni kosa kwa mwingine.

Mbwa ale kwanza, ndipo adungwe. Akikataa chakula, usimdunge kipimo kizima. Mpigie daktari simu. Mbwa aliyedungwa bila kula sukari yake hushuka mno: hutetemeka, huyumba kama mlevi, huanguka na kutupa miguu. Hapo mpake asali au maji ya sukari katika ufizi, kidogo kidogo, usimimine kooni asije akapaliwa, kisha umtafute daktari. Jambo jingine ambalo limewaua mbwa ni bomba la sindano. Insulini nyingine hutengenezwa vipande 40 katika kila mililita na nyingine 100, na kila moja ina bomba lake. Ukichanganya, utampa mbwa kupita kipimo mara mbili na zaidi, au chini ya nusu. Mwonyeshe daktari chupa na bomba pamoja kabla hujaanza. Dawa hukaa katika friji, lakini isigande. Asiye na friji aiweke katika mtungi wa udongo wenye ubaridi, kivulini, na amuulize daktari itakaa siku ngapi.

Mbwa ambaye kongosho yake imevimba mara nyingi kwa miaka anaweza mwishowe kupoteza kazi zote mbili. Huyo atahitaji vimeng'enya katika kila mlo, na sindano, na chakula kisicho na mafuta, kwa saa. Yawezekana, na wako watu wanaofanya hivyo. Lakini nitasema kama ninavyoona: mkulima mwenye karo ya watoto wanne na deni la mbolea hana haja ya kuona haya akimwambia daktari kwamba mzigo huu umemshinda. Daktari anayo njia ya kumlaza mbwa bila maumivu. Haya ni kumwacha afe njaa nyuma ya ghala, au kumtegea sumu ambayo kesho itaokotwa na mbwa wa mwingine.

Neno moja juu ya mahindi. Tukivuna, yale yaliyoota ukungu tunayatenga na kusema, "Hayo ni ya mbwa." Ukungu una sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa sumu hiyo katika mahindi yao. Mbwa anauawa nayo upesi kuliko ng'ombe, maana huharibu ini, na kupika hakuiondoi. Mbwa ambaye kongosho yake tayari ni dhaifu hana nafasi hata kidogo. Mahindi yale si ya mbwa, wala si ya kuku.

Ukimpeleka mbwa kwa daktari, chukua kinyesi cha asubuhi ile katika kopo lenye kifuniko, hata kama watu wa matatu watakunja pua. Andika katika karatasi yote aliyoyakula kwa siku saba, pamoja na yale aliyoyaiba, na mara ngapi alikunywa. Mpime uzito: simama katika mizani ukiwa umembeba, kisha simama peke yako, utoe. Mbwa anayetoa mate mengi, asiyeweza kumeza, au aliyebadilika tabia ghafla, usitie mkono kinywani mwake kwa kudhani amekwamwa na mfupa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mfungie mahali, umwite daktari aje hapo.

Simba bado yuko, na jirani hajategesha sumu. Siku za kongosho katika bucha ile ni Jumatatu na Alhamisi, kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo huchanganywa na matumbo na kuuzwa.